Kanga Tuliyoitundika Sur

Tangu tuoane, bwana wangu amekosa mechi za ugenini za timu ya Ibra, mji wetu huku Omani, mara mbili tu: siku aliyozaliwa binti yetu mkubwa, na siku aliyokuwa na plasta mguuni baada ya kuruka kizingiti kwa ajili ya goli ambalo refa alilikataa. Ile ya kwanza ananilaumu mimi mpaka leo.

Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kumtilia chai kwenye chupa, kumfungia vitumbua, na kumpokea jioni huku namtazama uso kabla ya kumuuliza lolote. Akiingia uani anapiga honi, tumeshinda. Akiingia kimya, halafu akauliza kwa nini taa ya ukumbini inawaka bure, tumefungwa. Mpira wenyewe sikuujua wala sikuutaka. Basi siku niliyomwambia, "Ijumaa nakwenda na wewe Sur," aliweka kikombe chini.

"Kufanya nini?"

"Kushangilia."

"Wewe?"

"Kwani mimi si mtu wa Ibra?"

Alijua vizuri ninachokwenda kutafuta, na mimi nilijua kwamba anajua. Tumekaa pamoja miaka thelathini na ushei, siri hatuna. Tuna mambo tu ambayo hatuyasemi, na jambo ambalo hatukulisema mwaka huo lilikuwa posa.

Binti yetu mdogo ni mfamasia katika hospitali ya Nizwa. Huko huko alijuana na kijana anayepima watu macho, mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho ndipo ajibu, na kwao ni Sur. Wazee wake walikuja kwetu Ibra na halwa na maneno mazuri. Bwana wangu akawapokea kama inavyopasa, akawapa kahawa, akawaambia, "Tutakupeni jibu, inshallah." Miezi mitatu ikapita. Kisha baba wa kijana akatuma ujumbe wa adabu kabisa: watasubiri mpaka Shaabani iishe, na Ramadhani ikiandama bila ya jibu watakuwa wamefahamu, na hapatakuwa na kinyongo. Ijumaa ile ya mechi, Shaabani ilikuwa imebakisha siku tisa.

Ukimuuliza bwana wangu sababu ya kunyamaza kwake, atakwambia ni mpira. "Simuozi binti yangu kwa mtu wa Sur. Wajukuu zangu watashangilia timu gani?" Watu wakacheka, naye akacheka, na posa ikalala. Lakini sababu hasa haikuwa mpira. Sababu ni kwamba wale ni watu wa bara.

Asiye wetu ataona ajabu. Sisi tulitoka Unguja, wao walitoka Tabora na Kigoma. Babu zao na babu zetu waliondoka jimbo hili hili la Sharqiyah, pengine kutoka bonde moja. Wetu walishuka kisiwani wakaona panatosha, wao wakaendelea mbele. Leo sote tumerudi, tunavaa kanzu zilezile na kofia zilezile, tunapokea mishahara ya serikali ileile, na bado tunapimana kwa Kiswahili. Siku ya posa mjomba wa kijana alisema "shule". Sisi tunasema "skuli". Bwana wangu hakusema kitu mbele yao, akainamisha uso kwenye finjani ya kahawa. Walipotoka tu akaniambia, "Umemsikia? Shule. Kiswahili chao kimekuja kwa gari la moshi."

Na mimi nilicheka. Nasema hivi kwa sababu kicheko kile kilinikaa vibaya baadaye. Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akatusikia sote wawili.

Hakugombana na mtu. Mimi ningegombana, nimezaliwa na hasira za karibu na bado ninazo. Yeye alingoja mpaka baba yake ametoka, ndipo akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nizwa, "Baba akisema hapana, mimi nitafata neno yake, wallahi. Lakini aseme, mama. Kunyamaza hii inaniuma." Ndiyo maana nilikwenda Sur: sikuwa na mpango wowote, ila nilitaka tu bwana wangu awe katika mji wa wale watu, na mimi niwe pembeni yake.

Alhamisi jioni binti alikuja kutoka Nizwa kwa mapumziko ya wiki. Aliposikia kwamba nakwenda, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaingia chumbani kwangu kunitafutia kitu cha kutundika uwanjani. Timu yetu rangi yake ni ya machungwa. Akapekua sanduku, akatoka na kanga ya machungwa yenye maua meupe. "Hii kubwa, mama, itaonekana mbali." Nikamwambia chukua.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kanga hainunuliwi rangi, hununuliwa jina. Aliweza kusimama dukani nusu saa anasoma maneno ya chini kabla hajauliza bei. Ile mimi nilitunzwa harusini na mtu nisiyemkumbuka, ikakaa sandukuni miaka na miaka, na maneno yake sikuwahi kuyatazama. Usiku ule pia sikuyatazama, na miwani nilikuwa nayo kichwani.

Tukaondoka baada ya sala ya Ijumaa. Kufika Bidiya bwana wangu alikuwa keshanifundisha sheria zote isipokuwa ya kuotea, na hiyo ilibidi tusimame. Kwenye kituo cha mafuta, magari makubwa yaliyotoka mchangani yalikuwa yamepanga mstari kujaza upepo kwenye matairi, na sisi tukaegesha pembeni na chai yetu ya karaki, nzito ya maziwa. Akapanga tende juu ya dashibodi: hii mshambuliaji, hii beki, kasha la tishu ndilo goli. "Mpira ukipigwa, huyu asiwe mbele ya huyu. Umefahamu?" Nikamwambia nimefahamu, nikamla beki. Akanung'unika mpaka tukafika Kamil.

Lakini alipotulia aliniwekea sharti lake. "Tunakwenda, tunatazama, tunarudi. Hatumpigii mtu simu."

"Kupita katika mji wa watu walioleta posa bila kuwapa salamu ni aibu, baba yao."

"Leo sisi si watu," akasema. "Leo sisi ni washabiki."

Nikatazama dirishani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini barabara ilikuwa imebaki ndefu na yeye ndiye aliyeshika usukani.

Sur ina joto la namna yake, la majimaji, nguo inakushika mgongoni. Walinzi wa mlangoni walitukaribisha vizuri, wakatuonyesha upande wa wageni, wakatupa maji. Tulikuwa kama watu arubaini kutoka Ibra, wanawake watatu tu, na mwalimu wa hesabu mwenye ngoma ambaye bwana wangu anamheshimu kuliko jamaa zake wengi. Uwanja wenyewe si mkubwa. Kati yetu na wenyeji palikuwa na kiuzio cha chuma na nafasi ya viti vitupu, hata kikohozi chao unakisikia.

Bwana wangu alikuwa na furaha ya kitoto. Sur walikuwa wamefungwa mechi nne mfululizo. "Wagonjwa hawa," akaniambia huku anasugua viganja, "leo tunawazika." Akachukua kanga, akaitundika kwenye chuma cha mbele, maneno nje kama inavyotakiwa, akaifunga mafundo manne ya kweli.

Kicheko kilianza upande wa wenyeji. Kwanza mtu mmoja, halafu nikasikia anawasomea wenzake kwa sauti na kuwafasiria kwa Kiarabu, halafu safu nzima ikaangua. Mmoja akainua mikono juu akasema, "Amin! Amin ya Rabb!" na wengine wakaitikia. Bwana wangu akageuka kunitazama. Mimi nikashusha miwani, nikainama juu ya chuma, nikasoma herufi zikiwa juu chini: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Neno hilo nimelisema mara elfu, mtu anapobisha hodi na nyumbani kuna kuku. Lakini mwenyeji wetu wa siku ile alikuwa mgonjwa kweli, mgonjwa wa magoli, na sisi tulikuwa tumesafiri kutoka Ibra kuja kumwandikia kwa herufi kubwa kwamba tumeleta dawa.

"Nani kaichagua hii?" bwana wangu akauliza kwa sauti ya chini.

"Binti yako. Kaangalia rangi."

"Na wewe?"

"Mimi sikuangalia kitu."

Akajaribu kufungua mafundo, lakini alikuwa ameyafunga kwa nguvu zake zote. Refa akapuliza kipenga na kanga ikabaki pale pale. Mwalimu wa hesabu, ambaye Kiswahili hakijui, akatuuliza kwa Kiarabu wale wanacheka nini. Bwana wangu akamwambia hajui.

Hazikupita dakika kumi nikamwona mtu anazungumza na mlinzi kwenye kile kiuzio, kisha mlinzi anamfungulia. Mtu mzima, mwembamba, na skafu ya timu ya Sur shingoni. Nilimtambua alipokuwa bado mbali. Alikuwa baba wa kijana. Ndiye aliyekuwa akisoma kanga yetu kwa sauti, na alipokwisha kuisoma akatazama nani aliyeitundika. Kabla ya kutufikia alivua ile skafu, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Shikamoo, mzee wangu," akamwambia bwana wangu.

"Marahaba," bwana wangu akajibu, na nikamwona anajuta. Neno lilikuwa limemtoka kwa mazoea. Mtu yule amemzidi umri, miaka mitano si pungufu, na kila mtu pale aliweza kuona. Lakini aliyeleta posa hujishusha, na aliyepokea alitakiwa akatae ile heshima, amrudishie yeye shikamoo yake. Sasa ilikuwa imeshapokewa.

"Assalamu alaykum, mama," akanisalimu mimi, mkono kifuani. "Mbona hamjatuambia mnakuja? Nyumbani wangepika."

"Tumekuja kwa mpira tu," bwana wangu akasema.

"Hata kwa mpira. Mgeni hakai peke yake." Akakaa kando ya bwana wangu, katikati ya watu wa Ibra, kama mtu aliyekata tikiti ya pale.

Tulipata goli sisi. Namna lilivyoingia sikuliona vizuri, kwa sababu nilikuwa natazama pale pale walipokaa wawili wale. Bwana wangu aliruka. Alikumbatiana na mwalimu wa hesabu, akapiga ngoma mwenyewe, akapiga kofia chini akaiokota. Mgeni wetu, au niseme mwenyeji wetu, alisimama pia akapiga makofi matatu ya heshima. "Hongereni. Goli safi." Bwana wangu alipokumbuka kwamba yupo, akaketi, akajipangusa jasho, akasema, "Mpira, bwana."

Wakati wa mapumziko yule mtu alitutolea tende na chupa ya kahawa aliyoletewa kutoka upande wake. Akawa anazungumza bila haraka. Alisema alifika Sur akiwa na miaka kumi na moja. "Taimu ile Kiarabu sijui hata neno. Nimepelekwa shule," akasimama kidogo, akatabasamu, "skuli, nyinyi mnaita skuli, watoto wakanicheka Kiarabu changu. Nikikimbilia kwa Waswahili, na wao wakanicheka Kiswahili changu. Basi nikaona bora uwanja. Hapa mtu unapiga kelele tu, hakuna anayekuuliza umetoka wapi."

Alilisema kwa wepesi, kama kichekesho cha zamani. Hakumtazama bwana wangu wala hakunitazama mimi. Lakini alikuwapo siku ile ya posa, alikuwa ameketi kando ya yule mjomba, na macho anayo. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli iliyonipanda mpaka masikioni. Nilimtazama bwana wangu. Alikuwa anaisukasuka finjani yake kuonyesha kwamba ametosheka, ingawa hapakuwa na mtu aliyekuwa anammiminia.

Kipindi cha pili kikaanza na watu wa Sur wakacheza kama waliopewa sindano. Upande wa wenyeji waliimba bila kupumzika, na sasa nilikuwa naelewa mwenzetu alikuwa ameacha nini kule. Goli la kwao liliingia upande ule wa mbali. Uwanja mzima ukainuka kwa mshindo, isipokuwa sisi arubaini na yeye. Yeye aliinama, akaanza kuitengeneza ndara yake.

Ndara ile haikuwa na kamba wala kifungo. Ilikuwa ndara ya ngozi ya kuchomeka mguu tu, na mguu ulikuwa tayari ndani. Aliinamia pale mpaka kelele zilipopungua. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia kabisa, ila mkono mmoja alikuwa amekunja ngumi juu ya goti, na vidole vilikuwa vimemsahau, havikufunguka. "Moja kwa moja," akasema kwa adabu. "Bado taimu ipo."

Bwana wangu hakumtukana refa. Hili nataka lieleweke: kwa mujibu wa watu wote waliowahi kukaa naye uwanjani, kila tukifungwa goli, refa hutukanwa, pamoja na waliomteua. Safari hii aliitazama ile ngumi tu. Nilimfikiria binti yangu, ambaye saa ile alikuwa nyumbani Ibra akinikaushia nguo na kujifanya hangoji simu, na nikamwomba Mungu, samahani kwa watu wa Ibra, mpira ule uishe hivyo hivyo mapema, kabla bwana wangu hajapata tena sababu ya kuwa mshabiki.

Haukuisha hivyo. Zilikuwa zimebaki dakika chache, Magharibi imekaribia, taa zimewashwa. Sur wakapata kona. Nikaona vichwa vinaruka mbele ya goli letu, halafu nikaona wavu unatikisika. Mwenyeji akawa amepona.

Sijapata kusikia ukelele kama ule. Hata walinzi walikuwa wamekumbatiana. Mwalimu wa hesabu akaweka mikono yote miwili juu ya ngoma na kichwa juu ya mikono. Bwana wangu akajifunika uso kwa kofia. Na yule mtu, timu yake imefungwa mara nne na sasa inashinda mbele ya macho yake, mahali pekee duniani ambapo hakuchekwa, akainama tena kushika ndara.

Bwana wangu akaondoa kofia usoni. Akanyoosha mkono, akamshika mwenzake begani.

"Acha kiatu," akamwambia. "Inuka, mkwe. Goli lenu hilo."

Yule mtu akabaki ameinama vile vile. Nadhani alihofu kwamba amesikia vibaya, kwa zile kelele. "Umesemaje, mzee wangu?"

"Usiniite mzee, wewe ndiye mkubwa, shikamoo. Nimesema inuka, mkwe, ushangilie, kabla refa hajalikataa."

Akainuka. Akatia mkono mfukoni akatoa skafu, akaishika juu kwa mikono miwili, na akapiga ukelele mrefu usio na neno ndani yake, upande wa wageni, peke yake, huku machozi yanamtoka. Bwana wangu alikuwa amesimama kando yake, ametazama chini kama aliyefungwa magoli kumi, lakini mkono hakuuondoa begani.

Nami nikapiga kigelegele. Sikupanga, kilinitoka, kirefu na chembamba, kama tunavyopiga kwetu posa inapokubaliwa. Watu wa Ibra wote arubaini wakageuka. Mwalimu wa hesabu akainua kichwa kutoka kwenye ngoma, akanitazama kwa uchungu, mke wa mtu anayemheshimu, anashangilia goli la Sur.

Nikapiga cha pili.